Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Marekani: kile kisanduku cha kijivu

Waheshimiwa marais wa vyuo vikuu, wakuu wa shule za uzamili na wakurugenzi wa utumishi,

YAH: WANAFUNZI WA UZAMILI NA UZAMIVU KURUHUSIWA KUWEKA AKIBA YA UZEENI

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Naandika kwa Kiswahili, na najua wengi wenu hamkisomi. Lakini vyuo vyenu vingi vinakifundisha, kwa hiyo msomaji hamtamkosa. Nendeni idara ya lugha za Kiafrika, mtamkuta mwalimu msaidizi amekaa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Mpeni barua hii awasomee. Ataisoma kwa makini, maana inamhusu.

Mimi ni mmoja wao. Niko mwaka wa sita wa uzamivu na nimefundisha Kiswahili karibu muda wote huo. Muhula huu tulifika kwenye methali, nikaandika ubaoni "Akiba haiozi". Tukachambua ngeli, tukachambua kikanushi, tukamaliza. Kijana mmoja wa miaka 19, anayeuza kahawa siku za mwisho wa wiki, akanyoosha mkono na kuuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mwalimu, wewe una akiba?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kumbe yeye anayo. Jimbo letu limewaamuru waajiri wasio na mpango wa uzeeni wawakate wafanyakazi wao asilimia 5 ya mshahara na kuipeleka kwenye akaunti ya uzeeni ya mfanyakazi mwenyewe, asiyetaka ajitoe. Chuo hakiguswi na amri hiyo kwa sababu chuo kina mpango wake tayari. Ila mpango huo mimi haunihusu. Basi mwanafunzi wangu anajiandalia uzee kwa vikombe vya kahawa, na mwalimu wake anamfundisha methali.

Sasa niwaeleze nilivyojua kwamba haunihusu. Siku niliposaini mkataba wa kufundisha, nilifungua mfumo wa utumishi kwenye kompyuta ya maktaba. Palikuwa na vichwa vimepangana: bima ya afya, meno, maegesho, nauli ya basi. Cha mwisho kilikuwa akiba ya uzeeni, na kisanduku chake cha kuweka tiki kilikuwa cha kijivu. Nikabofya, kimya. Nikabofya tena na tena, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti iliyokufa. Chini yake kulikuwa na mstari wa herufi ndogo: mwanafunzi mwajiriwa hastahili. Nikaenda ofisini kuuliza. Mama aliyenipokea, mtu mstaarabu kabisa, akasema, "Pole, ndivyo sheria ya serikali ilivyo." Nikaamini. Miaka mitatu mizima niliamini.

Sheria haisemi hivyo. Mipango mingi ya uzeeni ya vyuo inasimama juu ya kifungu 403(b) cha sheria ya kodi, ambacho kimekuwepo tangu 1958. Kanuni yake ya msingi ni nzuri sana: mwajiri akimruhusu mfanyakazi mmoja kukatwa sehemu ya mshahara wake kwa hiari na kuiweka kwenye mpango, awaruhusu wote. Kisha yanatajwa makundi machache ambayo mwajiri anaweza kuyaacha nje, na mojawapo ni wanafunzi wanaofanya kazi kwenye chuo wanachosoma. Anaweza. Mimi ni mwalimu wa lugha, nakula kwa kuwaeleza watu tofauti ya "anaweza" na "lazima". Hakuna anayewakataza kutuingiza. Mliamua wenyewe, au aliamua mtangulizi wenu, kwa sentensi moja kwenye waraka wa mpango ambao pengine hakuna kati yenu aliyeusoma hadi mwisho.

Simdai mtu mchango wa chuo, ile sehemu ambayo mwajiri huongeza juu ya akiba ya mfanyakazi. Ningeifurahia, lakini hiyo ni hoja ya siku nyingine na ya meza ya majadiliano. Hapa naomba ruhusa ya kukatwa fedha zangu mwenyewe. Kazi ya ziada kwa watu wa malipo ipo, sikatai, lakini ni mfumo uleule, fomu ileile, na kampuni ileile inayotunza akiba za maprofesa.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa bajeti, tuzungumze hesabu. Mfanyakazi wa kawaida Marekani hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii, na Medicare, bima ya afya ya wazee, na mwajiri wake naye hulipa kiasi hichohicho. Mwanafunzi anayefanya kazi chuoni kwake kwa kawaida amesamehewa makato hayo. Linalosahaulika ni kwamba mwajiri pia amesamehewa. Tuchukue dola 28,788, ambazo ndizo posho ya mwaka ya NIH, taasisi za serikali za utafiti wa afya, kwa wanafunzi wa uzamivu katika mwaka wa fedha 2025, tuzifanye mfano wa mshahara wa mwalimu msaidizi. Upande wenu zinabaki dola 2,202 kila mwaka kwa kila mmoja wetu. Kwa miaka 5 ni zaidi ya dola 11,000, kwa mtu mmoja tu. Zidisheni kwa idadi ya walimu wasaidizi na wasaidizi wa utafiti mlio nao, hesabu hiyo mnaiweza kuliko mimi.

Mimi pia nilibakiwa na asilimia zangu 7.65, nisijifanye malaika. Zilikwenda kwa mwenye nyumba. Lakini tazameni kinachotokea upande wa pili. Pensheni ya Social Security hukokotolewa kwa wastani wa miaka 35 ya kipato kikubwa zaidi cha mtu, na ili aistahili lazima akusanye pointi 40, yaani kama miaka 10 ya kazi. Miaka yangu yote ya kufundisha hapa imeandikwa sifuri. Mtu anamaliza uzamivu ana miaka 30 na ushei, na katika daftari la hifadhi ya jamii ni kama jana tu alitoka shule ya sekondari. Mfuko wa serikali haumjui, mpango wa chuo haumtaki. Mmoja kati ya hiyo miwili ungekuwa umefungwa, ningenyamaza. Yote miwili kwa pamoja, hapana.

Kuna watu watasema sisi ni wanafunzi na wanafunzi hawana pensheni popote. Hebu tukubaliane basi sisi ni nani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Mayo, ilikubaliana na serikali kwamba madaktari wanaojifunzia kazini kwa muda wote wakatwe kama wafanyakazi wengine, ingawa bado wanasomea ubingwa. Mwaka 2016 Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, ilisema walimu wasaidizi wa vyuo binafsi ni wafanyakazi kwa maana ya sheria ya kazi. Basi mtu anaweza kuwa vyote viwili, na hakuna ajabu. Katika Kiswahili mwanafunzi na mfanyakazi wako ngeli moja. Ni kwenye mfumo wenu wa utumishi tu ndiko walikotenganishwa: ikija ratiba ya kusahihisha mitihani mimi ni mfanyakazi, ikija akiba mimi ni mwanafunzi.

Hayo ni ya wanaolipwa mshahara. Wenzetu wanaoishi kwa posho ya ufadhili wana kisa chao, na mwaka jana nilikuwa mmoja wao. Hawa hawana hata mshahara wa kukatwa, kwa hiyo hata mngefungua 403(b) kesho, wao wasingeingia. Njia yao ni akaunti binafsi ya uzeeni, IRA, ambayo mtu hujifungulia mwenyewe benki au kwenye kampuni ya uwekezaji. Na kwa miaka mingi njia hiyo nayo ilikuwa na ukuta. Sheria ya kodi ya 1986 iliamua posho ya kujikimu itozwe kodi ya mapato, isisamehewe kama ada ilivyosamehewa. Sawa. Lakini ili uweke fedha kwenye IRA ni lazima uwe na ujira, na posho hiyohiyo iliyotozwa kodi haikuhesabiwa kuwa ujira. Zaidi ya miaka 30 serikali ilikuwa inaiona posho inapokuja kuchukua, na haiioni inapoombwa ruhusa ya kuweka akiba.

Ukuta huo ulibomolewa na sheria ya SECURE, iliyosainiwa Desemba 20, 2019. Kuanzia mwaka wa kodi 2020, posho inayotozwa kodi, inayolipwa kumsaidia mtu katika masomo ya uzamili, uzamivu au utafiti wa baada ya uzamivu, ni ujira kwa mambo ya IRA. Kiwango cha juu kilikuwa dola 7,000 kwa mwaka 2025, na mwaka huu wa 2026 ni 7,500, ilimradi unachoweka kisizidi kipato chako.

Aina ya IRA inayotufaa zaidi wengi wetu ni ile ya Roth, iliyoanza 1998 na kupewa jina la seneta William Roth wa Delaware. Unaweka fedha iliyokwisha lipiwa kodi, inakua bila kodi, na ukishafika miaka 59 na nusu, akaunti nayo ikiwa imetimiza miaka 5, unachukua vyote bila kodi. Inamfaa mtu ambaye kodi yake ya leo ni ndogo, na yetu ni ndogo kweli. Yule wa dola 28,788, kama hana mke wala mume na hamtegemei mzazi, akitoa punguzo la kawaida la 2025 la dola 15,750, kodi yake ya serikali kuu ni kama dola 1,326 tu. Hatakuja kuwa na miaka ya kodi rahisi kama hii. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kile ulichoweka mwenyewe kwenye Roth unaweza kukitoa wakati wowote bila kodi wala faini. Ni faida yake tu ndiyo inayosubiri. Kwa mtu ambaye gari lake linaweza kufa wiki ya mitihani, hiyo ni tofauti kubwa.

Muda nao una thamani yake. Dola 1,000 zilizowekwa ukiwa na miaka 25, zikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, ukifika 65 ni kama dola 7,040. Zikisubiri hadi ufike miaka 35 ndipo uziweke, zitakuwa kama 4,320. Soko halimwahidi mtu asilimia 5, linapanda na kushuka, lakini ile miaka 10 hairudi, na kwa wengi wetu miaka hiyo 10 ndiyo hasa tunayoimalizia kwenu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Nilipopata ufadhili nilifungua ukurasa wa chuo wa kodi kwa wanafunzi wa uzamili. Umeandikwa, hadi leo umeandikwa, kwamba posho ya ufadhili si ujira na haiwezi kuwekwa kwenye IRA. Zaidi ya miaka mitano tangu sheria ibadilike! Chini ya maneno hayo kuna onyo kwamba anayezidisha kiwango hutozwa asilimia 6 kila mwaka mpaka azitoe. Onyo lenyewe ni la kweli, ndiyo maana linatisha. Rafiki yangu wa maabara ya jirani alisoma ukurasa huo, akaogopa, akaacha. Ni mtu mwangalifu, hanunui hata viatu bila kufanya utafiti, na uangalifu wake ndio uliomponza.

Mimi nikapiga simu kwenye kampuni ya uwekezaji. Kijana wa upande wa pili akauliza kama nina fomu W-2, ile ya mshahara wa mwaka. Sina, nikasema, nina posho. Akanyamaza, nikasikia anabofya, kisha akaniambia kwa upole nilete karatasi ya chuo inayoonyesha posho hiyo. Karatasi niliyokuwa naitegemea ni 1098-T, fomu ya kodi ya ada za chuo, na kisanduku chake namba 5 kinachanganya ada niliyolipiwa na posho niliyokula, jumla moja. Wako ambao hawapewi hata hiyo. Nikaomba ofisi ya fedha iniandikie mistari miwili tu: fulani alilipwa posho ya kiasi hiki mwaka huu kwa ajili ya masomo ya uzamivu. Jibu lilikuja baada ya siku 9, na lilikuwa na maneno manne: "Hatutoi ushauri wa kodi."

Sikuomba ushauri. Niliomba risiti. Mtu akinunua mchele anapewa risiti, na muuza mchele haogopi kwamba ametoa ushauri wa upishi.

(Akaunti niliifungua hatimaye, kwa kutumia barua ya awali ya kupewa ufadhili na mazungumzo ya simu ya dakika 50. Niliweka dola 600 kwa mwaka mzima. Huo ndio utajiri wangu, na ndilo jibu ninalomdai yule kijana wa kahawa.)

Najua swali linalokuja, hata baadhi ya wenzangu wananiuliza: mtu wa posho kiduchu ataweka akiba kwa fedha gani? Ni swali la haki. Kuna miezi niliyoweka dola 25 na miezi niliyoweka sifuri. Wako wenye watoto, wako wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi, na kwao mazungumzo haya ni ya anasa. Sitaki mtu yeyote achukue barua hii akasema, basi tusiwaongezee posho, tuwafundishe kubana matumizi. Akichagua kati ya posho ya kutosha na kisanduku cha akiba, kila mwanafunzi mwenye akili atachukua posho, nami nikiwa wa kwanza. Lakini umaskini wa mtu si sababu ya kumfungia mlango. Mwenye dola 25 anaijua njia ya kwenda nazo, mwachieni.

Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini: ninyi wageni si mtarudi kwenu? Wengine tutarudi, wengine la, wengi hatujui bado. Hilo linazidisha uzito. Marekani ina mikataba na nchi kadhaa, nyingi za Ulaya, ya kujumlisha miaka ya michango ya hifadhi ya jamii, ili mtu aliyefanya kazi kidogo huku na kidogo kule asipoteze. Na nchi ya Afrika hakuna hata moja. Kwa hiyo Mfaransa akiondoka na pointi zake chache, zina mahali pa kuunganishwa. Mwafrika aliyefanya kazi hapa miaka 8 na kuondoka kabla ya kufikisha pointi 40 amechangia wazee wa watu. Akaunti iliyo kwa jina lake inabaki yake popote alipo. Ila mgeni ambaye bado hajahesabiwa mkaazi kwa mambo ya kodi ana fomu zake, mara nyingi 1042-S, na makampuni mengine yakiona hadhi yake yanasita kumfungulia akaunti. Huyo anahitaji mtu mmoja kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni anayelijua jambo hili. Mmoja tu, mwenye kiti na simu.

Kuna jambo lililo nje ya uwezo wenu, lakini mna watu Washington wanaoliweza. Serikali huwapa wenye kipato kidogo nafuu ya kodi wanapoweka akiba ya uzeeni, na kuanzia mwaka wa kodi 2027 nafuu hiyo inageuka kuwa nyongeza inayoingizwa moja kwa moja kwenye akaunti. Mfanyakazi asiye na mwenzi, mwenye kipato cha dola 20,000, akiweka 2,000, serikali itamwongezea 1,000. Mwanafunzi wa muda wote hapati, hata kama kipato ni kilekile na jasho ni lilelile. Nadhani walioandika walimfikiria kijana anayelipiwa na wazazi. Hawakumfikiria mtu wa miaka 31 anayefundisha madarasa mawili na kulipa kodi ya nyumba. Wasemaji wenu wanapokwenda Kongresi kutetea fedha za utafiti, waongeze sentensi moja kuhusu hilo. Hata iwe ya mwisho.

Kwenu wenyewe naomba mambo ya kawaida. Fungueni waraka wa mpango wa 403(b), tafuteni mstari unaowatoa wanafunzi waajiriwa, mkaufute. Kila Januari wapeni wenye ufadhili karatasi moja inayotaja posho waliyolipwa, mbali na ada. Sahihisheni ukurasa wa kodi, kazi ya dakika 10. Na siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, kati ya hotuba ya maegesho na ile ya barua pepe, mtu aseme kwamba posho kwa kawaida haikatwi kodi inapolipwa, kwamba kodi yake hulipwa kwa awamu nne, na kwamba ikishakuwa pato la kodi inaweza kuwekwa IRA. Mimi habari za awamu nne nilizipata mwezi wa tisa, mbili zikiwa zimeshapita.

Kwa mwaka wa kodi 2025 dirisha la IRA linafungwa Aprili 15, kwa hiyo ule ukurasa ndio ningeuanza.

Nafundisha Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Atakayependa kuleta majibu kwa mkono aje tu, kuna viti nyuma. Wiki ijayo bado tuko kwenye methali.

Wenu katika kazi, na katika masomo,

Mwalimu msaidizi wa Kiswahili
Mwaka wa sita